Anayeanza gemu za mdundo aanze na waya na vitufe viwili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nieleze jambo ambalo wengi hulikosea mwanzoni kabisa, yaani kuchagua gemu ya kwanza ya mdundo. Kwa msomaji asiyezifahamu, hizi ni gemu za video ambamo wimbo unapigwa, alama zinapita kwenye kioo, na mchezaji anabonyeza kitufe au anagusa kioo pale pale mdundo unapodondoka. Akiwahi anakatwa alama, akichelewa anakatwa pia. Hakuna adui wa kuwinda wala gari la kuendesha. Kinachopimwa ni wakati, na kipimo chake ni milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Anayetaka kuanza huuliza mtandaoni, akaonyeshwa video ya bingwa ambaye vidole vyake havifuatiliki kwa macho. Hupakua gemu hiyo hiyo, hushindwa siku mbili tatu, kisha huamini kwamba hana sikio la muziki. Inasikitisha, kwa sababu sikio analo. Mtu anayeweza kupiga makofi ya chakacha mpaka mwisho wa wimbo bila kupotea ana karibu kila kitu ambacho gemu hizi zinadai. Kilichomwangusha ni mambo mawili ambayo video haikumwonyesha: sauti inayomfikia ikiwa imechelewa, na wingi wa vitufe alivyopewa siku ya kwanza.

Nianze na sauti, maana huharibu hata chaguo zuri.

Spika za masikioni za Bluetooth sasa zinauzwa kila kibanda cha simu, na simu nyingi mpya hazina tena tundu la waya. Kwa kusikiliza muziki hazina neno. Kwa gemu ya mdundo ni kikwazo. Simu hulazimika kuibana sauti na kuirusha hewani. Spika nazo huipokea, huihifadhi kidogo ili isikatikekatike, huifungua, ndipo huipiga. Safari hiyo kwa spika za kawaida hula kama milisekunde 150 hadi 250. Sasa chukua wimbo wa midundo 120 kwa dakika, kasi ya kawaida ya nyimbo za kucheza. Toka mdundo mmoja hadi mwingine ni milisekunde 500. Ukiugawa mdundo huo mara nne, kila kipande ni milisekunde 125. Spika ikichelewa kwa milisekunde 200, unachosikia ni muziki uliokwisha kupita kwa zaidi ya kipande kizima, huku picha ikiwa mahali pake. Macho yanakwambia sasa, masikio yanakwambia bado, na gemu inakuhukumu kwa saa yake yenyewe.

Wengi hubisha kwamba wakitazama filamu kwa spika hizo hizo midomo na maneno vinaoana. Ni kweli, kwa kuwa programu ya video huweza kuichelewesha picha iisubiri sauti. Gemu haina nafasi hiyo, kwa sababu kinachofuata kwenye kioo kinategemea kidole chako.

Dawa yake ni waya. Simu isiyo na tundu la duara hutumia spika za waya za USB-C au kiunganishi kidogo cha kubadilishia tundu. Hakikisha tu muuzaji anakijaribu kwenye simu yako kabla ya kulipa, maana viunganishi vingine havifanyi kazi kwa kila simu. Ukikosa vyote, spika ya simu yenyewe ni bora kuliko Bluetooth. Anayechezea kwenye TV naye afungue mipangilio ya picha aweke hali ya gemu, ile inayoandikwa “Game Mode”. TV za kisasa husafisha na kulainisha picha kabla ya kuionyesha, na kazi hiyo hula muda wake. Spika kubwa ya sebuleni inayounganishwa bila waya iache kwa ajili ya sherehe.

Hata kwa waya, ucheleweshaji kidogo hubaki, hasa kwenye simu za Android, na kila modeli ina wake. Ndiyo maana gemu nzuri huwa na sehemu ya kurekebisha tofauti ya sauti na picha. Gemu isiyo na sehemu hiyo usiifanye ya kwanza, hata ikisifiwa namna gani. Ikiwa nayo, fanya marekebisho kabla ya wimbo wa kwanza. Zima hali ya kuokoa betri, kwa sababu hupunguza kasi ya simu na picha huanza kurukaruka. Weka simu mezani. Gemu itakupigia mlio unaojirudia na kukutaka uguse pamoja nao: fumba macho uguse kwa kusikia tu, wala usijaribu kuusahihisha mkono katikati. Kila mara itakupa namba ya milisekunde za tofauti. Rudia mara tatu. Namba mbili zikikaribiana na moja ikiwa mbali, tupa ya mbali. Alama ya kujumlisha na kutoa haina maana moja katika gemu zote. Kwa hiyo ukiona bado unaambiwa umechelewa kila mara, sogeza namba kwa milisekunde 10, rudia wimbo ule ule mwepesi, na kama kuchelewa kumezidi, rudi upande wa pili.

Kuna sauti moja ambayo marekebisho haya hayaiponyi, nayo ni ule mlio unaotolewa na gemu kila unapogusa kioo. Simu huanza kuutengeneza baada ya kidole kugusa, hivyo daima hufika nyuma ya wimbo. Mchezaji mgeni huusikia, hudhani amechelewa, huanza kuwahi. Uzime. Mlio wa kidole chenyewe kwenye kioo unatosha.

Sasa vitufe. Historia ya gemu hizi inasaidia kuchagua. Konami ya Japani ilitoa beatmania mwaka 1997, mashine ya kusimama yenye vitufe vitano na sahani ya kusugua kama ya DJ. Miaka miwili baadaye ikaja beatmania IIDX yenye vitufe saba. Katikati, mwaka 1998, kampuni hiyo hiyo ilitoa Dance Dance Revolution, mishale minne inayokanyagwa kwa miguu. Namco wakashika njia nyingine mwaka 2001 kwa Taiko no Tatsujin: ngoma moja ya Kijapani, sauti mbili. Duara jekundu unapiga uso wa ngoma, duara la buluu unapiga ukingo. Duara likiwa kubwa, unapiga kwa mikono yote miwili.

Njia hii ya Namco ndiyo ninayomshauri kila anayeanza. Sababu yake ni ya kiufundi. Kwa kila noti, yaani alama ya kupiga inayokuja kwenye kioo, mchezaji anajibu maswali mawili: wakati gani, na kitufe kipi. Penye vitufe vinne au saba, akili yote ya mgeni huishia kwenye swali la pili. Anatazama, anatafuta kidole, anabonyeza, na mdundo umeshampita. Wiki nzima inaisha akiwa amejifunza kusoma kioo tu, bila kusikiliza. Penye vitufe viwili, swali la kitufe hujibiwa kwa rangi na akili inabaki na wimbo.

Wapo wanaoshuka hadi kitufe kimoja, na si vibaya. Rhythm Doctor ya 7th Beat Games hutumia kitufe kimoja tu kwenye kibodi: unahesabu, unabonyeza mdundo wa saba. Inasikika rahisi mpaka gemu inapoanza kunyamazisha baadhi ya midundo na kukuacha uhesabu mwenyewe ndani ya kimya. Kwa mwenye kompyuta na uwezo wa kulipia, sijui shule nzuri zaidi ya kuhesabu. Waliotengeneza hiyo ndio waliotengeneza pia A Dance of Fire and Ice, ambayo ipo hata kwenye simu. Hapo sayari mbili zinazungukana juu ya njia ya vigae, na unabonyeza kila moja inapofika juu ya kigae kinachofuata. Uzuri wake ni kwamba muda unauona kwa pembe: njia iliyonyooka, nyuzi 180, ni mdundo mzima, kona ya nyuzi 90 ni nusu mdundo, kona ya nyuzi 270 ni mdundo mmoja na nusu. Ubaya wake ni ukali. Kosa moja, unarudishwa nyuma. Mwenye hasira za karibu aiache mpaka baadaye.

Kwa asiyetaka kulipa chochote, jibu langu ni osu!, lakini ichezwe kwa hali ya taiko, yaani ile ya ngoma yenye sauti mbili. Gemu hii ilianzishwa mwaka 2007 na Dean Herbert wa Australia, ni ya bure, na toleo lake jipya linakubali Windows, macOS, Linux, Android na iOS. Ndani yake mna aina nne za uchezaji. Ile inayofunguka yenyewe, ya kufukuza duara kwa mshale wa mausi, ndiyo maarufu na ndiyo iliyowakatisha wengi tamaa: inakudai ulenge kwa mkono mmoja na kupiga kwa mwingine. Aliye na kompyuta mpakato bila mausi huumia zaidi. Windows huweza kuizuia padi ya kugusa kwa muda mfupi pale vitufe vya kibodi vinapobonyezwa, ili kiganja kisisogeze mshale wakati wa kuandika. Matokeo yake mshale unaganda katikati ya wimbo, na mchezaji anafikiri kompyuta imeharibika. Hali ya taiko haihitaji mshale kabisa.

Ipakue kupitia tovuti yake rasmi, usichukue faili linalozungushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Fungua akaunti, nayo ni bure, kwa kuwa bila akaunti hupati nyimbo za ziada. Juu ya kioo chagua alama ya taiko. Kwenye kibodi weka F na J ziwe uso wa ngoma, D na K ziwe ukingo. Vidole vya shahada vinapiga nyekundu, vya kati vinapiga buluu. Herufi ni nne, lakini majibu yanabaki mawili, kila mkono una yake. Kwenye simu ngoma hutokea chini ya kioo: katikati ni uso, pembeni ni ukingo. Simu dhaifu inaweza kukwamakwama. Ikikwama, punguza ubora wa picha na uondoe video za nyuma ya wimbo.

Kila wimbo una ngazi, na katika taiko ngazi hizo zina majina ya Kijapani: Kantan ndiyo nyepesi, kisha Futsuu, Muzukashii na Oni. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika stars<2 bpm>100 bpm<130 na utaletewa nyimbo nyepesi za kasi ya wastani. Hapo “stars” ni nyota, kipimo cha ugumu, na “bpm” ni midundo kwa dakika. Nyota zisizofika 2 ndizo za anayeanza. Kasi nayo naisisitiza, kwa sababu wengi hudhani wimbo wa polepole sana ni mwepesi. Kwenye midundo 60 kwa dakika, kati ya mdundo na mdundo kuna sekunde nzima tupu, na mkono usio na uzoefu huwahi. Kati ya 100 na 130 mwili wenyewe unakubeba.

Kabla ya kupiga wimbo, utazame mara moja ukichezwa na gemu yenyewe kwa kuwasha Auto. Kisha washa No Fail, ili wimbo usikatwe hata ukikosea. Siku za mwanzo washa pia Relax, ambayo katika taiko hukuondolea swali la rangi: kitufe chochote kinakubalika, unashughulika na wakati tu. Alama zake hazihesabiwi kwenye orodha ya dunia, na mgeni hana shida na orodha hiyo. Ukishatulia, izime Relax ucheze kwa rangi. Wimbo ukizidi kasi, Half Time huushusha hadi robo tatu ya mwendo wake. Mkono wenye nguvu upige midundo mikuu, mwingine ujaze ya katikati. Ukizoea kupiga kila kitu kwa mkono mmoja, utakwama ukifika Muzukashii, ambako mdundo unagawanywa mara nne. Ukipata asilimia 95 kwenye nyimbo tatu tofauti za Kantan, panda Futsuu.

Kuhusu bando: nyimbo za osu! mara nyingi ni MB 5 hadi 15 kila moja zikipakuliwa bila video, na sehemu ya kuchagua “bila video” ipo. Zikishaingia, unacheza bila mtandao.

Nataka nikae kidogo kwenye kitu kimoja ambacho wageni hukipita bila kukitazama. Wimbo ukiisha, gusa kadi ya alama zako. Hufunguka mchoro wa nguzo nyembamba zilizosimama kuzunguka sifuri. Kila nguzo ni mapigo yako: kushoto yaliyowahi, kulia yaliyochelewa. Chini yake huandikwa wastani wa kukosea kwa milisekunde. Mchoro huo unakwambia kosa ni la nani. Nguzo zikiwa zimebanana pamoja lakini kilima chote kimesimama kulia kwa sifuri, mathalani milisekunde 30, mkono wako ni sahihi na mashine ndiyo inayochelewa. Rudi kwenye mipangilio ya sauti, au tumia kitufe kinachorekebisha kutokana na mchezo uliopita. Kilima kikiwa kipana, nguzo zimetapakaa huku na huku lakini katikati yake iko kwenye sifuri, mashine ni nzima na mkono ndio unaoyumba; hapo hakuna namba ya kugusa, kuna wimbo wa kurudia. Vilima vikiwa viwili, kushoto na kulia, mara nyingi mkono mmoja unawahi kuliko mwenzake. Kwa wimbo ambao ukali wake wa muda (si nyota) ni 5, taiko ya osu! hukupa alama kamili ukiwa ndani ya milisekunde 35 kabla au baada ya noti, na nusu yake ukiwa ndani ya 80. Linganisha na zile 200 za Bluetooth, utaona kwa nini nimeanza na waya.

Wenye kibodi za bei nafuu wafanye jaribio moja zaidi. Fungua ukurasa mtupu wa kuandikia, bonyeza D, F, J na K kwa pamoja. Zikitokea herufi tatu tu, kibodi haiwezi kusoma mchanganyiko huo, kwa sababu nyaya zake za ndani zinachangiwa na vitufe kadhaa. Badilisha herufi mpaka upate nne zinazotokea zote.

Sasa niseme juu ya gemu za vigae vya piano, ambazo ndizo nyingi zaidi kwenye simu na ndizo watoto huanza nazo. Vigae vyeusi vinashuka, unavigusa, piano inalia. Katika nyingi ya hizo, noti inalia unapogusa, wakati wowote utakaogusa, ilimradi hujakosa kigae. Ukiwahi, wimbo unawahi. Ukisita, wimbo unasita nawe. Hapo mdundo unamfuata mchezaji badala ya mchezaji kuufuata mdundo, na kinachozoezwa ni wepesi wa vidole. Si dhambi kuzicheza, ila mtu asitarajie zimfundishe wakati. Isitoshe, nyingi hukatiza kwa matangazo baada ya kila wimbo, na matangazo hayo yanakula bando kuliko gemu. Jaribio la kuzitambua ni jepesi: gusa makusudi nusu mdundo mapema. Gemu ikikusifu kwa kigae hicho, si gemu ya mdundo.

Friday Night Funkin’ nayo inapendwa sana na wanafunzi. Ilianza mwaka 2020, ni ya bure, inafunguka hata kwenye kivinjari cha kompyuta. Ina mishale minne, hivyo kwa kipimo changu ni ya pili, si ya kwanza. Lakini ina jambo moja zuri sana: mpinzani anaimba kwanza, kisha wewe unarudia alichoimba, kama mwimbishaji na waitikiaji kwenye ngoma zetu. Unausikia mdundo kabla ya kuudaiwa. Mwenye kuitaka aanze ngazi nyepesi, na wazazi wajue kwamba ndani ya mipangilio mna sehemu ya kuzima matusi na mizaha ya kikubwa, na kwamba matoleo yaliyotengenezwa na mashabiki, ambayo ni mengi mno, mengine yana damu na vitisho visivyofaa watoto wadogo.

Katika gemu hizo za noti zinazoshuka, iwe mishale minne au vitufe saba, kuna kosa moja linalorudiwa na karibu kila mgeni: kupunguza kasi ya noti kushuka. Anaona zinakuja mbio, anazipunguza. Wimbo haubadiliki hata kidogo. Kinachobadilika ni nafasi kati ya noti na noti kwenye kioo. Zikishuka polepole, zinajazana, na macho hayatofautishi ipi ya sasa na ipi ya baadaye. Ongeza kasi mpaka uone mwanya ulio wazi kati ya safu na safu. Kwa siku ya kwanza inatisha, kisha inasomeka. Macho nayo yasikae kwenye mstari wa kupigia. Yatazame juu yake kidogo, kiasi cha robo ya kioo, na mkono uachiwe sikio.

Mwenye Nintendo Switch nyumbani hana haja ya kufikiri sana: Taiko no Tatsujin: Rhythm Festival ya mwaka 2022 inatosha, tena inachezwa kwa vitufe vya kawaida. Ngoma ya plastiki inauzwa kando. Isubiri mpaka ujue kama unaipenda gemu yenyewe, na kumbuka majirani, maana hupigwa kwa fimbo. Beat Saber na nyingine za miwani ya uhalisia pepe ni nzuri lakini kifaa ni ghali na kinahitaji chumba kisicho na meza ya kugonga. Mikeka laini ya kukanyagia, ya gemu kama Dance Dance Revolution, huteleza kwenye sakafu ya vigae, hivyo mishale husogea chini ya mguu na lawama humwangukia mchezaji.

Huulizwa pia kwa nini hakuna taarab wala Bongo Fleva. Orodha za nyimbo za gemu hizi zimejaa muziki wa Japani, Marekani na Ulaya, kwa sababu huko ndiko zilikotengenezwa na ndiko leseni zilikokatwa. Lakini osu! ina sehemu ya kutengeneza mwenyewe: unaingiza wimbo, unaandika midundo kwa dakika, unaonyesha milisekunde ambayo mdundo wa kwanza unaangukia, kisha unapanga noti. Bongo Fleva na singeli hutengenezwa kwa kompyuta, kasi yake haiyumbi, namba moja inatosha wimbo mzima. Ila singeli hufika midundo 200 kwa dakika na kupita. Robo ya mdundo hapo ni milisekunde 75, si kazi ya wiki ya kwanza. Taarab ya zamani ni kazi nyingine kabisa. Wapigaji walikaa pamoja wakarekodi bila metronomu, yaani kifaa cha kushikilia kasi, wimbo unapumua, unakaza kwenye kiitikio na kulegea kwenye ubeti. Ukiuwekea namba moja, baada ya dakika noti zimeshaachana na muziki. Inabidi kuweka alama mpya ya wakati kila baada ya vipimo vichache, kwa sikio, mpaka mwisho. Natamani vijana wenye subira waifanye, kwa matumizi yao wenyewe. Kuipandisha mtandaoni kunahitaji ruhusa ya mwenye wimbo.

Mwisho, mwili. Gemu hizi zina miale inayowakawaka kwa kasi, hivyo mwenye kifafa kinachoamshwa na mwanga asizicheze bila ushauri wa daktari, na hata wengine wazime picha za nyuma. Cheza dakika 20, pumzika 5. Kifundo cha mkono kikianza kuuma au kidole kikifa ganzi, acha siku hiyo. Anayeendelea kwa kukaza mkono hupiga kwa nguvu zaidi, si kwa usahihi zaidi. Gusa kwa wepesi. Kioo kikiloa jasho, kifute kwa kitambaa kikavu, maana kidole kilicholoa hunata na simu husoma mguso mmoja kama kidole kinachoburutwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwa ukurasa wenu wa teknolojia. Mnapoorodhesha gemu za muziki, pamoja na bei na picha, waandishi wenu waongeze mambo matatu kwa kila moja: ina vitufe vingapi, ina sehemu ya kurekebisha sauti au haina, na inachezeka bila mtandao au haichezeki. Hayo yanaingia kwenye mstari mmoja.

Wako msomaji,
Tanga